Simu Kabla ya Fainali

Timu yenyewe haikuwa kitu. Ilikuwa timu ya chuo cha ufundi kaskazini-magharibi ya London, vijana waliokuwa wakisomea umeme na mabomba, na jezi zao zilifuliwa na mama yake kipa. Mimi sikuwa mchezaji. Miguu yangu haikuwahi kuutii mpira hata nilipokuwa mtoto Mombasa. Nilikuwa shabiki, na kwa kuwa timu ya chuo kama ile haina mashabiki, karibu nilikuwa peke yangu. Mvua inyeshe, theluji ianguke, Jumamosi mchana mimi nipo kando ya mstari, mikono mfukoni, napiga kelele kwa Kiswahili, maana maneno ya kumchamba refa niliyajua kwa lugha hiyo tu.

Wachezaji walinizoea. Winga wetu, kijana wa Kijamaika, alijifunza kwangu neno "haya", akawa analipaza yeye kila anapotaka pasi, na mabeki wa timu pinzani wakidhani ni mbinu. Mwenzangu mmoja aliyezaliwa Kampala, Mhindi kama mimi, alicheza nyuma upande wa kushoto. Basi hao ndio waliokuwa London yangu. Kwengine kote nilikuwa mtu wa kusimama foleni na kuulizwa pasi ya kusafiria.

Ilikuwa miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tukiteremka uwanja wa ndege kwa mafungu, wa Kenya kwanza, wa Uganda nyuma yao, kila mmoja na sanduku lake na blanketi asilojua kama litatosha. Sisi tulifikia vyumba viwili vya juu, mtaa wa Kenton. Baba yangu alikuwa karani wa miaka mingi bandarini Mombasa, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa. London alipata kazi kiwandani, kupanga plagi za umeme kwenye maboksi, kwa kusimama, zamu nzima. Tai aliendelea kuivaa mpaka mlangoni mwa kiwanda, akiivua na kuitia mfukoni kabla ya kuvaa ovaroli.

Mpira niliufuata kwa sababu yake. Mombasa, Jumapili, alikuwa akinibeba mabegani hadi uwanjani, na jioni tunarudi sauti zimetukauka sote wawili. Baridi yetu ya kwanza London akanichukua kutazama moja ya timu kubwa. Tulikuwa tumesimama kwenye ngazi za mashabiki katikati ya watu, na kabla ya mapumziko mtu aliyekuwa nyuma yetu akamtemea baba mate shingoni. Sikumwona ni nani. Nilichoona ni wengine wakicheka, na mtoto mmoja mdogo kuliko mimi akicheka kwa kuwa baba yake anacheka. Baba akatoa leso, akajifuta, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni, na akabaki pale mpaka filimbi ya mwisho. Nadhani hakutaka waseme wamemfukuza. Nyumbani akaoga, akasali, ndipo akasema kwamba mpira umekwisha katika nyumba hii.

"Mara ya kwanza mtu hutemewa mate," alisema. "Mara ya pili amejipeleka mwenyewe."

Kwa hiyo alipokuja kujua, miaka michache baadaye, kwamba Jumamosi zangu zote zinaishia kwenye timu ya chuo, hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Aliacha tu kusema nami. Nikitoa salamu aliijibu, kwa sababu salamu ni faradhi kuijibu, akitazama ukuta, kisha kimya. Yalianza Ramadhani, yakavuka Idi, yakafika majira ya kuchipua. Siku ya Idi alinipa mkono bila kunipa macho.

Mama hakuwa na raha. Kila siku alinifuata jikoni akinisihi nikamwombe radhi baba kabla jambo halijawa kubwa. Nami sikuwa mjinga, nilijua uzito wa radhi ya mzazi, hata usingizi ulikuwa ukinipaa nikiifikiria. Lakini timu ilikuwa ikishinda. Tulikuwa tumefika robo fainali ya kombe la vyuo, kisha nusu, kisha fainali, jambo ambalo halikuwahi kutokea chuoni pale na sikuona kama litatokea tena. Nikajipangia. Nitakwenda fainali, nitarudi, na usiku huohuo au kesho yake nitampigia magoti, nitamwambia nimeacha, na nitaichukua radhi yangu. Mama nilimwambia hivyo hivyo. Alinitazama, akasema Mungu atufikishe.

Fainali ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, katika mji wa viwanda ulio kaskazini ya London, mwendo wa saa mbili kwa basi. Asubuhi nilimkuta baba mezani na chai yake. Nikatoa salamu, akaijibu. Nilipokuwa nafunga kamba za viatu akasema, "Huko juu kuna baridi." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa muda wa miezi, na mimi, mwenye haraka ya basi, sikumjibu. Nilidhani ananikejeli. Nikatoka.

Basi lilifika mjini kule karibu na adhuhuri. Wachezaji wakaenda kula, mimi nikatafuta kibanda cha simu, kwa kuwa mama alikuwa na sharti moja: ukitoka nje ya London, ukifika piga. Nilipiga hata siku tulizocheza mji wa Reading, pua na mdomo na London.

Simu ilichukuliwa na mtu ambaye si mama, mwanamke, akaniambia ningoje. Nyuma yake nilisikia watu. Saa sita ya mchana, Jumamosi, nyumba yetu ilikuwa imejaa sauti za wanawake, na katikati ya sauti hizo kulikuwa na moja inasoma Yasini. Kisha mama akashika simu.

"Umefika, mwanangu? Ushakula?"

Nikamwambia bado. Nikamuuliza kuna nini.

"Babako ameshikwa na maradhi. Wamempeleka hospitali. Sasa wewe usiwe na wasiwasi. Kula kwanza, maliza shughuli yako, uje na wenzio. Usije peke yako, na usiende mbio."

Nikamuuliza ni maradhi gani. Akasema atanieleza nikifika, na sauti ikamkatika. Simu ikashikwa na jirani yetu, mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuja London mbele yetu, ambaye alikuwa kama mama mkubwa wa mtaa mzima. Aliniambia maneno machache tu. "Subira, baba. Mambo yote ya Mungu." Sarafu zikaisha, laini ikakatika.

Lazima nieleze hapa, kwa wasiokulia pwani, jinsi nilivyoisikia simu hiyo. Kwetu, aliye safarini haambiwi msiba. Huogopwa asije akaanguka njiani, au akavuka barabara bila kuona, ikawa misiba miwili. Huambiwa mtu anaumwa, huambiwa ale, asije peke yake, na aje taratibu. Bibi yangu alipofariki Mombasa, ami yangu alikuwa Nairobi, akapigiwa simu kwamba mama yake ana homa. Alipanda treni na ndimu za kumpelekea, akafika akakuta matanga. Hakumlaumu mtu. Angekuwa yeye ndiye mwenye kupiga simu angesema hayo hayo. Kwa hiyo mimi, kibandani mwa simu, na Yasini, ambayo kwetu husomewa maiti, masikioni, na subira ya mama yule wa Kizanzibari, sikuwa na shaka hata chembe. Baba yangu amekufa.

Nililia palepale. Mtu mmoja nje aliyekuwa akingoja simu akagonga kioo, kisha aliponiona vizuri akaondoka.

Kisha nikafanya ambalo angelifanya mtu yeyote: nikaenda stesheni. Haikuwa mbali. Ubao ulionyesha treni ya kwenda London saa saba kasorobo, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa sita u nusu. Nauli nilikuwa nayo. Nikasimama mbele ya dirisha la tiketi, watu wawili mbele yangu, kisha mmoja. Na hapo ndipo akili yangu, ambayo hadi leo siipendi, ikaanza kupiga hesabu.

Maana kama ningekuwa mgeni wa jana, nimetoka Mombasa juzi, ningepanda treni ile bila kufikiri, nikiogopa kuwa watamzika alasiri nisiuwahi hata udongo. Lakini nilikuwa nimekaa London vya kutosha. Baridi iliyopita nilikwenda kusaidia kwenye msiba wa mzee mmoja wa Kenton, aliyefariki Ijumaa usiku. Jumamosi ofisi ya kuandikisha vifo imefungwa. Jumapili imefungwa. Daktari wa kutia sahihi yuko mapumzikoni. Yule mzee alilala kwenye jokofu la hospitali mpaka Jumanne, na wanawe walikuwa wakizunguka nyumba kama watu waliopotelewa na funguo. Nilijua, basi, kwamba hakuna atakayemwosha baba leo. Hakuna atakayemzika kesho. Nikifika alasiri au nikifika magharibi, ni hayo kwa hayo. Aliye hai ndiye wa kukimbiliwa. Baba alikuwa hana haraka tena na mimi.

Na mama mwenyewe amesema, nikajiambia, nimalize shughuli yangu, nije na wenzangu.

Karani wa tiketi akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia nimekosea foleni.

Nilirudi uwanjani kwa miguu. Mwenzangu wa Kampala akaniona macho mekundu, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, "Nyumbani kila mtu mzima?" Nikamwambia wazima. Akasema, basi leo piga kelele sana, sisi iko na wewe peke yako.

Nilipiga. Siwezi kudanganya kuhusu hilo. Nusu ya kwanza nilisimama tu, natazama mpira unavyokwenda na kurudi, na upande wa pili mashabiki wa wenyeji walikuwa wakiniimbia nyimbo zao za kuniambia nirudi nilikotoka. Ndivyo ilivyokuwa kila tulipokwenda, nilikuwa nimezoea. Lakini nusu ya pili winga wetu akasawazisha, na kifua changu kikafunguka. Nilipiga kelele kwa nguvu ambazo sikuwa nazo kabla wala sijazipata tangu hapo. Kila jina la Mungu nililolijua na kila upuuzi wa uwanjani wa Mombasa ulinitoka. Zilipofika dakika za nyongeza nilikuwa nimepiga magoti kwenye nyasi, na bao la ushindi lilipoingia, mpira wa kona, kichwa cha beki ambaye hakuwa amefunga tangu azaliwe, nilikimbia uwanjani pamoja nao. Wakaninyanyua. Nilifurahi. Watu huniambia huzuni huchanganya akili na kwamba ile haikuwa furaha hasa. Ilikuwa furaha.

Basini waliimba njia nzima. Mimi nilikaa kiti cha mbele nyuma ya dereva, na London ilipokaribia nikaanza kujitayarisha. Nilikuwa najitayarishia uso. Nilijua watanipokea mlangoni, watanikalisha, wataniambia polepole, na itabidi niwe mtu anayesikia kwa mara ya kwanza, kwa sababu mtu aliyejua tangu adhuhuri alikuwa wapi hadi saa hizi? Nilijitazama kwenye kioo cha dirisha. Nilijaribu kushtuka mara mbili tatu, kimyakimya. Hilo pia nililifanya.

Jua, ambalo London mwezi wa tano huzama karibu saa tatu za usiku, lilikuwa bado halijazama nilipofika nyumbani. Viatu vilikuwa vimejaa ngazini. Mume wa jirani yetu wa Kizanzibari ndiye aliyekuja kunishika mkono. Alinikalisha kama nilivyotarajia, akaniambia sote ni wa Mungu na kwake tutarejea, nami nikauvaa uso wangu. Kisha akasema, "Amefariki saa kumi na mbili u nusu hii, mwanangu. Hata saa mbili hazijatimia."

Sikuhitaji uso wowote tena.

Niliyasikia yaliyobaki kwa mafungu, usiku ule na siku zilizofuata, na mengi niliambiwa na mama. Baba alishikwa na moyo asubuhi, mara tu baada ya mimi kutoka. Gari la wagonjwa lilimchukua na mama akaenda naye, lakini wodini wakamwambia mama arudi nyumbani hadi saa ya kutazama wagonjwa, kuanzia saa nane hadi saa kumi. Ndiyo maana nilimkuta kwenye simu. Majirani walikuwa wamekuja kumsomea mgonjwa dua na Yasini, apone. Jirani aliniambia subira kwa kuwa kuna mgonjwa. Mama aliniambia nisiende mbio kwa kuwa aliogopa nikimbie.

Saa nane walipomrudia, baba alikuwa macho na anasema. Wodi ile iliruhusu wageni wawili tu kwa kila kitanda, viti viwili, na sista msimamizi hakuwa na mchezo. Mama akakaa kimoja. Rafiki yake baba wa tangu bandarini, aliyekuwa sasa anakaa Rayners Lane, alifika mbio akitaka kuingia, na baba akamwomba msamaha, akasema kiti cha pili kina mwenyewe, kijana wake yuko njiani. Mzee wa watu akabaki amesimama kwenye korido na chupa yake ya maji ya zamzam. Kiti kikakaa kitupu saa mbili nzima. Kengele ikalia, wakatolewa. Jioni wakaingizwa tena, na baba akauliza kama nimefika, na akakataza tena mtu asikalie.

Mama alimwomba aniachie radhi, amwambie yeye, naye atanifikishia. Hakutaka.

"Nitamwambia mwenyewe," baba alisema. "Ni maneno yangu mimi na yeye."

Treni ya saa saba kasorobo ingenifikisha wodini mapema alasiri, saa ya kutazama wagonjwa ingali haijaisha. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko hesabu yoyote ya shuleni. Hesabu yangu nyingine, ile ya mazishi, ilitoka sawasawa. Tulimzika Jumanne.

Lakini lililo zito kuliko yote nililifanya usiku ule ule, mbele ya mama. Alinikalisha kando yake, macho yamemvimba, akaniuliza swali moja tu, bila hasira. Kwa nini sikuja? Nilikuwa na majibu mawili. La kweli lilikuwa kwamba nilijua, au nilidhani najua, kuwa mumewe amekufa, na nikakaa kutazama mpira. La pili lilikuwa karibu na mdomo.

"Ulisema nisiende mbio," nikamwambia. "Nilidhani ni homa."

Niliona jambo hilo likimwingia. Akaweka kiganja mdomoni, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Ni mimi, basi." Wanawake wakamshika mabega wakimwambia ni kadari. Nami nilikaa kimya, na kimya hicho kikawa neno langu la mwisho kuhusu jambo hilo kwa muda wa miaka thelathini na kitu.

Uwanja wa chuo sikurudi tena. Nilipata kazi ya ofisi katika shirika la mabasi ya mji, kazi ya tai ambayo baba angeipenda, nikaoa, nikahamia Rayners Lane, nikamchukua mama akae nasi. Tangu mwaka ule mama alibadilika katika jambo moja ambalo watoto wangu walilicheka. Mtu akiugua, hata mafua, alipiga simu kwa kila jamaa, akieleza kila kitu bila kupunguza, joto ni ngapi, amesema nini daktari, njoo sasa, usingoje, acha ulichonacho. Wanangu walimjibu kwa Kiingereza kwamba bibi anatia watu hofu bure. Yeye alisema heri hofu. Nilikuwa nikimsikia kutoka chumba cha pili nikipandisha sauti ya televisheni.

Mwisho wake ulikuja taratibu, nyumbani, kitandani kwake, na akili yake timamu. Siku moja asubuhi aliomba wengine watoke. Nikadhani anataka kuniusia kuhusu dada zangu au nguo zake. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Nataka unisamehe, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekukosesha radhi ya babako. Ningekuambia njoo mbio, ungekuja. Nimekaa na jambo hili siku zote, na siwezi kwenda nalo."

Chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha. Hapakuwa na mtu mwingine, wala hapakuwa na pa kwenda. Kulikuwa na nafasi ya kusema ukweli wote, na ungechukua dakika mbili kuusema, na angekwenda bila mzigo usiokuwa wake. Nilifungua mdomo, na nikafikiria atakavyonitazama.

Nikamwambia nimemsamehe. Akanishukuru, akaubusu mkono wangu.